Sikiliza Mkia wa Neno

Hotuba kwa Waswahili wanaojifunza Kikroatia mjini Zagreb, mji mkuu wa Kroatia. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Dada na kaka zangu, na ninyi vijana mliotua juzi ambao mabegi yenu bado hayajafunguliwa yote, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie sarufi ya Kikroatia, na nimekubali kwa furaha. Jambo hili liko moyoni mwangu tangu mwaka wangu wa kwanza hapa, na ninajua mnavyohangaika nalo. Kila mmoja wenu ana kitabu, na vitabu vyote nilivyoviona mikononi mwenu vimeandikiwa mtu anayejua Kiingereza. Waandishi wake hawakukosea. Darasani mwangu nilikaa na vijana kutoka Australia, Kanada na Marekani, wajukuu wa Wakroatia waliohama, wamerudi kuitafuta lugha ya bibi zao. Vitabu vile vinazungumza nao. Vinaanzia pale wanaposimama wao na kuwaonya kuhusu mashimo yatakayowaangusha wao. Sisi tunavuka mara mbili: tunaingia kwanza kwenye Kiingereza, halafu tunatoka humo kwenda Kikroatia, na tukifika tunakuwa tumeokota makosa ya Kiingereza ambayo hayakuwa yetu.

Nianze mkahawani, maana huko ndiko Zagreb inakoishi.

Ukikaa kwenye meza yoyote hapa utaona orodha ya vinywaji imeandikwa kava, na pembeni čaj. Herufi č isome kama ch yetu. Kahawa na chai, basi. Ukiomba sukari, ni šećer. Ukitazama ukutani kuna sat, yaani saa. Ghalani kuna sanduk, sanduku. Maneno haya yametoka mbali. Mengi yao yalipita kwa Waarabu: kwetu yakaja na bahari, huku yakaja na Waturuki waliotawala Balkani kwa karne nyingi. Yalipofika kwenye pande mbili hizo yakavaa nguo za wenyeji, na nguo hizo ndizo ninazotaka kuzieleza.

Sasa agiza. Hutasema kava, šećer. Utasema: Molim vas, jednu kavu bez šećera. Kahawa moja bila sukari, tafadhali. Sikilizeni vizuri: kava imekuwa kavu, šećer imekuwa šećera. Kinywaji ni kilekile. Kilichobadilika ni kazi ya neno ndani ya sentensi. Kahawa sasa ndiyo inayoombwa, nayo imeoneshwa hivyo kwa u. Sukari iko chini ya bez, yaani bila, na neno hilo huidai a.

Rafiki zangu wa Kiingereza darasani walikuwa wakisema molim kava bez šećer, na mhudumu aliwaletea kahawa yao vizuri tu. Kwenye kahawa hakuna hasara. Hasara inakuja kwenye sentensi kama hii: Čovjeka grize pas. Mtu aliyezoea Kiingereza anaona čovjek mwanzoni, anasema mtu anauma, halafu anaona mbwa mwishoni, anasema mbwa anaumwa. Kumbe ni kinyume. Ile a ya čovjeka inatangaza kwamba mtu ndiye anayeumwa. Mbwa, pas, hana mkia wowote, kwa hiyo ndiye mtendaji, hata akiwekwa mwisho wa mstari. Ukitaka mtu amng'ate mbwa utasema čovjek grize psa. Mpangilio ni huru kiasi kikubwa. Anayeongea huutumia kusisitiza, kuweka mbele kilichokwisha kutajwa na nyuma kilicho kipya.

Kiingereza hulipa neno kazi kwa kulipangia mahali. Kikroatia hulipa kazi kwa kulivisha mkia. Mkishika hilo, sehemu kubwa ya kitabu chenu itafunguka. Macho yaliyolelewa na Kiingereza hutazama neno limekaa wapi. Nawaombeni mtazame mwisho wake.

Mikia hiyo Wakroatia huiita padeži, nayo ni saba. Watoto wa shule hapa hawaanzi na majedwali kama yenu. Wanafundishwa maswali. Tko, što? Nani, nini? Hiyo ni nominativ, neno likiwa mtendaji. Koga, čega? Genitiv, kumilikiwa na kukosekana, ya bila sukari. Komu, čemu? Dativ, kupewa. Koga, što? Akuzativ, kutendwa. Vokativ haina swali, ni ya kuita. O komu, o čemu? Lokativ, kuhusu nani, na pia mahali kitu kilipo. S kim, čim? Instrumental, na nani, kwa kitu gani. Mtoto akikwama, mwalimu anamuuliza swali na mtoto analijibu kwa kinywa chake. Mimi nilijifunza jedwali kwa miezi, nikashindwa kununua mkate. Nilipoanza kujiuliza maswali ya watoto, nikanunua. Tena mtaona wenyewe kwamba saba si saba kamili: dativ na lokativ kwa umoja huvaa nguo moja, na kwa wingi instrumental hujiunga nazo. Kwa saa ya ukutani ni satovima kote kutatu.

Majina yale ya Kilatini yana historia yake. Sarufi ya kwanza ya Kikroatia ilichapwa Roma mwaka 1604, nayo iliandikwa kwa Kilatini na padri Mjesuti Bartol Kašić, mzaliwa wa kisiwa cha Pag. Aliiandikia wamisionari waliotaka kuifahamu lugha hii. Mnaijua hadithi hiyo kwa upande wetu: sarufi ya Kiswahili iliyochapwa na Johann Ludwig Krapf mwaka 1850 nayo ilikuwa ya mmisionari, kwa ajili ya wageni. Lugha zote mbili zilipimwa mara ya kwanza kwa kipimo cha ugenini, kisha wenyeji wakaja kuzisema upya kwa maneno yao.

Turudi kwetu. Mwingereza akifungua sura ya upatanisho hutoka jasho. Anaambiwa kwamba kila nomino ina jinsia, ya kiume, ya kike au ya kati, na kwamba kivumishi, kimilikishi na hata kitenzi cha wakati uliopita lazima vifuate. Kwake huo ni mzigo mpya kabisa, maana katika lugha yake kivumishi hakigeuki kwa lolote. Ninyi mmeubeba mzigo huo tangu mnyonyeshwe. Semeni: kitabu changu kipya kimeanguka. Ki, cha, ki, ki. Vitabu vyangu vipya vimeanguka. Sasa sikilizeni Kikroatia: moja nova knjiga je pala. A, a, a, na pala nayo a. Kwa wingi: moje nove knjige su pale. E, e, e, e. Ni wimbo uleule. Sisi tunaupiga mwanzoni mwa neno, wao mwishoni. Nilipousikia mara ya kwanza machozi yalinilengalenga, nawaambia kweli, kwa sababu wiki tatu nilikuwa nikijiona mjinga mbele ya kitabu kilichoniambia kwamba upatanisho ni jambo geni na gumu.

Iko hata ngeli ya viumbe hai, namna yao. Sisi tunasema kijana mrefu amefika. Umbo la neno ni la ki-vi, lakini kwa kuwa kijana ni mtu, upatanisho unakuwa wa a-wa. Hatusemi kijana kirefu kimefika. Sasa angalieni neno tata, baba. Limeishia kwa a kama maneno ya kike, na linabadilika kama maneno ya kike: vidim tatu, namwona baba. Lakini ni moj tata, na tata je došao, kwa upatanisho wa kiume. Mwalimu wetu alipolieleza hili darasani, wenzangu walinyoosha mikono kuuliza ni kwa nini. Mimi nikaandika kijana pembeni mwa ukurasa, nikafunga daftari.

Na uhai wenyewe unahesabiwa. Vidim stol, naona meza: stol haibadiliki. Vidim brata, namwona kaka: brat imeongezwa a. Jina la kiume la kitu kisicho hai hubaki vilevile likitendwa, la kiumbe hai hubadilika. Nasi tunasema naona meza, lakini namwona kaka, na ile mw haturuhusiwi kuiacha. Lugha mbili zisizojuana zimeona ulazima wa kumtenga aliye hai anapotendwa.

Nimewaletea mambo mengine ambayo kitabu kitawaeleza kwa kurasa nyingi na ninyi mnayo tayari. Mwingereza akiumwa kichwa husema anayo maumivu ya kichwa. Mkroatia husema boli me glava. Boli, kinauma, me, mimi, nikiwa ndiye ninayeumwa, glava, kichwa. Kichwa kinaniuma, neno kwa neno. Mwingereza husema yeye ni miaka 20. Mkroatia husema imam 20 godina, nina miaka 20. Mwingereza huupenda mji. Mkroatia husema sviđa mi se Zagreb, Zagreb inanipendeza: mji ndio unaotenda na mimi ndiye ninayefikiwa. Mwingereza lazima aseme mimi kabla ya kila kitenzi. Mkroatia husema govorim, na ile m ya mwisho ni sawa na ile ni ya mwanzo wa ninasema. Wenzetu hutafuta Kikroatia kina neno gani la kutambulisha nomino kama lile lao dogo la kila mahali. Hakuna. Sisi hatukulitafuta kwa sababu hatukuwa nalo.

Lakini lenye faida kubwa kuliko yote ni hili la na na kwa. Mwingereza ana neno moja tu: huenda sokoni pamoja na rafiki kwa neno lilelile analotumia kuandikia kwa kalamu. Kwa hiyo akifika kwenye instrumental anasema pišem s olovkom, na Mkroatia anamwelewa kama mtu anayeandika akiwa amefuatana na kalamu yake. Sahihi ni pišem olovkom, bila s. Ile s, na, ni ya kufuatana: idem s prijateljem, naenda na rafiki. Chombo hakihitaji s: putujem vlakom, nasafiri kwa treni, režem nožem, nakata kwa kisu. Kanuni ni fupi. Pale Kiswahili kinaposema na, weka s. Pale kinaposema kwa kalamu, kwa kisu, kwa treni, usiiweke. Ninyi hamna sababu ya kukosea hapa, isipokuwa mkipitia Kiingereza kwanza.

Sitaki mwondoke mkidhani Kiswahili kinatosha. Kuna mahali sisi na Waingereza tunaanguka shimo moja, na kuna mahali tunaanguka peke yetu.

Shimo la pamoja ni mahali. Idem u Zagreb, naenda Zagreb. Živim u Zagrebu, naishi Zagreb. Idem u školu, naenda shuleni. Ja sam u školi, niko shuleni. Kiambishi chetu cha ni kinatosha kwa kwenda na kwa kuwapo. Kikroatia hutenganisha: kuelekea ni akuzativ, kuwapo ni lokativ. Kijana mmoja wa Australia aliniambia bibi yake alimsahihisha hilo maisha yake yote, na bado ulimi unateleza. Jiulizeni kila mara: kuna mwendo wa kufika, au mtu ametulia?

Shimo letu wenyewe ni jinsia. Yeye yetu haina mume wala mke, na amekuja ni ya wote. Hapa mimi mwanamke nasema došla sam, nimekuja, na kaka yangu aliyekaa pale mbele atasema došao sam. Mwingereza walau amezoea kutenganisha mwanamume na mwanamke anapowataja wengine, ingawa kujitaja mwenyewe ndani ya kitenzi kunamshangaza kama sisi. Nimesikia wenzetu wakimzungumzia dada yao kwa došao je, na msikilizaji akabaki akitafuta ni nani huyo mwanamume. Hapa hakuna njia ya mkato. Jisikilizeni.

Kisha kuna vitenzi viwili viwili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi huvunjika moyo. Karibu kila kitenzi kina mwenzake. Pisati na napisati, zote ni kuandika. Čitati na pročitati, zote ni kusoma. Kupovati na kupiti, zote ni kununua. Moja ni ya kitendo kinachoendelea au kinachorudiwa, nyingine ni ya kitendo kilichotazamwa kizima, kikiwa na kikomo chake. Pisala sam pismo: nilikuwa nikiandika barua, au niliandika kwa muda, na huenda barua haijaisha. Napisala sam pismo: nimeiandika, iko mezani, ina nukta ya mwisho. Vitabu vya Kiingereza hujaribu kulipatanisha hili na nyakati za Kiingereza, na mwanafunzi huchanganyikiwa maana nyakati ni jambo jingine. Jana, leo na kesho zote zinaweza kuchukua pande zote mbili. Ila leo ina mpaka wake. Mtu akikuuliza unafanya nini sasa hivi, huwezi kujibu napišem. Kitu kizima hakiwezi kuwa kinaendelea. Utajibu pišem. Ile napišem inangoja sentensi kama kad napišem pismo, idem kući, nikishaandika barua naenda nyumbani. Mnaisikia ile kisha yetu ndani ya nikishaandika? Huo ndio ukamilifu unaotafutwa. Ukiona Kiswahili chako kinataka -kisha-, chukua mwenzake mwenye kikomo. Ukiona kinataka hu- ya kila siku, au alikuwa aki-, chukua yule mwingine. Haitakufikisha kila mahali, lakini itakuvusha mwaka wa kwanza.

Na vile viambishi vya mbele havishii hapo. Kutoka pisati hutoka potpisati, kutia saini, prepisati, kunakili, opisati, kueleza kitu kilivyo, upisati, kuandikisha, zapisati, kuweka kumbukumbu. Mwingereza lazima ajifunze kila moja kama neno jipya, kwani kwake kusaini na kunakili na kuandikisha hayana mzazi mmoja. Sisi tunajua mti huo: andika, andikia, andikwa, andikiana, andikisha. Tunapachika mwishoni, wao mwanzoni. Mkijifunza kitenzi kimoja hapa, ulizeni na ndugu zake.

Herufi zitawapa raha. Ljudevit Gaj alichapisha mwaka 1830 kijitabu cha namna ya kuandika, na kutokana na kazi yake Kikroatia leo kina herufi 30, kila sauti na herufi yake. Unasoma kinachoandikwa, kama kwetu. Kuna č na ć ambazo masikio yatahitaji muda kuzitenga, na wenyeji wengi wa Zagreb wenyewe hawazitengi wanapoongea. Jambo linalowatisha Waingereza ni maneno yasiyo na irabu: trg, uwanja, krv, damu, prst, kidole, na kisiwa cha Krk. Wao huchomeka irabu katikati. Ninyi semeni mtu, semeni mtoto. M ile imesimama silabi nzima bila irabu, na hakuna aliyewafundisha. Basi r ya Krk inasimama vilevile.

Sauti nazo hubadilika zinapokutana. Ruka ni mkono, u ruci ni mkononi. Knjiga ni kitabu, u knjizi ni kitabuni. Afrika, u Africi. Mwenyekiti wa kikao ni predsjednik, lakini ukimwita ni predsjedniče: k imekuwa č. Waingereza huyaandika haya kwenye kadi na kuyahesabu kama wakaidi. Mimi ninasikia ki ikikutana na angu na kuzaa changu, vi ikikutana na angu na kuzaa vyangu. Ulimi ukitafuta njia laini huibadilisha sauti, huku na huko.

Nimemtaja mwenyekiti wa kikao. Tarehe 2 Mei 1843, katika Sabor, bunge la hapa Zagreb, Ivan Kukuljević Sakcinski alisimama akatoa hotuba kwa Kikroatia ndani ya nyumba ambayo lugha yake ya kazi ilikuwa Kilatini. Mwaka 1847 Sabor ikapitisha Kikroatia kuwa lugha rasmi. Sisi tuliokulia ambapo watu walibishana Kiswahili kiingie au kisiingie bungeni na mahakamani tunaelewa uzito wa siku kama hizo. Ndiyo maana ninawaomba msikasirike mwenyeji akiwasahihisha mkia wa neno. Nchi hii ilihesabu watu wasiofika milioni 3.9 kwenye sensa ya 2021, wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam peke yake, na tangu 1 Julai 2013 lugha yao ni rasmi katika Umoja wa Ulaya sawa na Kijerumani na Kifaransa. Wanaijali. Anayekusahihisha amekuhesabu kuwa mtu atakayebaki kuisema.

Mtabadilishwa majina pia, jiandaeni. Kama unaitwa Asha, mtu atasema vidim Ashu, atakupa kitu akisema Ashi, atatembea s Ashom. Juma atakuwa Jumu, s Jumom. Anayetoka Nairobi anaishi u Nairobiju, wa Mombasa u Mombasi. Nilipoliona jina langu mara ya kwanza kwenye barua likiwa na mwisho mwingine, nilitaka kurudi dirishani kusema wamekosea. Hawakuwa wamekosea. Walikuwa wamelikaribisha ndani ya lugha, lifanye kazi kama majina yao.

Kuhusu maneno madogo yanayoruka kwenda nafasi ya pili ya sentensi, nitasema machache tu, maana hayo huingia kwa masikio. Jučer sam mu ga dala: jana nilimpa kitu hicho. Sam, mu, ga yamesimama nyuma ya jučer kwa foleni isiyobadilika. Nilimpa nayo ina foleni: ni, li, m, pa. Hamwezi kusema linimpa. Yachukueni maneno yale kama viambishi vilivyotoka nje ya kitenzi vikapanga mstari. Ila muwe waangalifu na je: yenyewe huenda mwisho wa foleni. Ona mu ga je dala, yeye mwanamke alimpa kitu hicho.

Kabla hatujanyanyuka, tuhesabu saa, maana nimeona wengine wanatazama ukutani. Jedan sat. Dva sata, tri sata, četiri sata. Pet sati. Mbili hadi nne zina umbo lake, ambalo ni masalia ya uwili wa zamani, kama ule waliokuwa nao Waarabu tangu kale. Kuanzia tano hadi 20 umbo ni jingine. Ukifika 21 unarudi kwenye jedan sat, na 22 kwenye dva sata. Tena pet sati ni saa tano za muda, au saa ya siku, lakini pet satova ni saa tano za ukutani. Kwetu saa tano ni saa tano, na msikilizaji anajitafutia maana. Hapa mkia unamwambia.

Mnajua pia kwamba wao huhesabu kutoka usiku wa manane, si kutoka alfajiri. Kesho ni Jumamosi. Nataka tukutane deset sati, yaani saa nne yetu ya asubuhi, uwanjani. Uwanja wenyewe unaitwa Trg bana Josipa Jelačića: trg haina mkia, na mikia yote mitatu inayofuata ni ya umiliki, genitiv, uwanja wa ban, yaani gavana wa zamani wa Kroatia, Josip Jelačić. Wenyeji husema Trg tu. Tunakwenda na Trg, tukifika tutakuwa na Trgu; na hii ni yao, maana yake kwenye. Pale iko saa kubwa ambayo watu wa Zagreb hupeana miadi chini yake, nao husema pod satom. Sat ikipata om. Ni neno letu saa, limevaa instrumental, kwa sababu iko juu yetu na sisi tumetulia chini yake.

Nitawangoja hapo, pod satom, kisha tutavuka kwenda mkahawani. Kila mtu ataagiza mwenyewe.